Mifupa ya watoto njiti haingoji kikao kijacho: barua ya wazi kwa uongozi wa hospitali yetu

Kwa:
Mganga Mfawidhi,
Mfamasia Mkuu,
Meneja wa Maabara,
na Wajumbe wa Bodi ya Hospitali.

YAH: UKOSEFU WA FOSFETI, KALSIAMU NA VIPIMO VYA MIFUPA KWA WATOTO WALIOZALIWA KABLA YA WAKATI

Waheshimiwa,

Husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Sisi ni wauguzi, madaktari na wataalamu wa lishe wa wodi ya watoto wachanga. Jambo hili tumelileta kwenu kwa mdomo katika vikao vya asubuhi, kwa maandishi kupitia wakuu wa idara, na katika orodha ya mahitaji ya kila robo mwaka. Kila mara tumeambiwa linafanyiwa kazi. Tumeamua kuliandika hadharani kwa sababu mtoto wa gramu 1,000 ana wiki chache tu za kujengewa mifupa, na wiki hizo zinapita tukiwa tunasubiri. Hatuandiki ili kumkomoa mtu. Tunawaandikia ninyi kwa kuwa kila tunachoomba kiko ndani ya mamlaka yenu.

Tuanze na jema, maana ndilo lililotufikisha hapa. Watoto ambao zamani hawakumaliza wiki ya kwanza sasa wanaishi. Mashine za CPAP, zinazowasaidia kupumua, zimefika wodini, na akina mama wanawabeba watoto wao kifuani usiku na mchana. Utafiti ulioratibiwa na Shirika la Afya Duniani na kuchapishwa mwaka 2021, uliofanyika Ghana, India, Malawi, Nigeria na hapa Tanzania, ulionyesha kuwa kuanza kangaroo (kumbeba mtoto kifuani, ngozi kwa ngozi) mara tu baada ya kuzaliwa, bila kungoja mtoto atengemae kwanza, kunapunguza vifo kwa takriban robo. Ugonjwa tunaouzungumzia, yaani mifupa kulainika kwa kukosa madini, ni ugonjwa wa watoto hao walionusurika. Hujitokeza zaidi kati ya wiki ya 6 na ya 12 ya maisha, na mtoto aliyekufa wiki ya kwanza hakupata nafasi ya kuuonyesha. Ndiyo maana wengi wetu tulipokuwa mafunzoni hatukuuona.

Chanzo chake ni hesabu. Asilimia 80 hivi ya kalsiamu na fosforasi aliyonayo mtoto aliyetimiza miezi 9 huingia mwilini mwake katika miezi 3 ya mwisho ya mimba. Katika wiki hizo kondo la nyuma humpa miligramu 100 hadi 130 za kalsiamu kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku, na fosforasi miligramu 60 hadi 75. Tena humsukumia kwa nguvu, hata kalsiamu ya damu ya mtoto ikazidi ya mama yake. Anayezaliwa wiki ya 28 anakatwa kitovu kabla mzigo huo haujapakiwa. Pia tumboni alikuwa akipiga mateke dhidi ya ukuta wa mji wa mimba, na mfupa hukomaa kwa kusukumana na kitu. Ndani ya inkubeta hana cha kusukumana nacho.

Mwili ukikosa madini hayo hauachi damu ipungukiwe kalsiamu. Moyo na misuli visingefanya kazi. Unakopa kwenye mifupa. Kwa hiyo kalsiamu ya damu hubaki sawa muda mrefu huku mbavu zikilainika, na daktari anayepima kalsiamu peke yake anapata jibu zuri kwa mtoto anayeharibika. Eksirei nayo haionyeshi kitu mpaka mfupa umepoteza asilimia 20 hadi 40 ya madini yake. Dalili za macho huja mwisho: fuvu linalobonyea kama mpira, mbavu zenye vifundo vilivyojipanga kama punje za tasbihi, mtoto anayelia kila akiguswa, mtoto asiyeachana na oksijeni kwa sababu mbavu laini hazishiki kifua, na paja linalovimba baada ya kubadilishwa nepi.

Hoja zetu ni hizi.

1. Maziwa ya mama hayamtoshi mtoto huyu kwa madini, na hatuna cha kuyaongezea.

Hakuna kati yetu anayetaka maziwa ya mama yaondolewe. Yanamkinga njiti na ugonjwa wa utumbo unaoua haraka kuliko tatizo lolote la mifupa, na yataendelea kuwa chakula chake. Lakini yalipangwa kwa mtoto aliyetimiza miezi yake, aliyekwisha kubeba akiba kutoka tumboni.

Chukueni mtoto wa gramu 1,100 anayepata mililita 160 kwa kilo kwa siku. Hiyo ni mililita 176, yaani mililita 22 kila baada ya saa 3. Maziwa ya mama yana takriban miligramu 28 za kalsiamu na 14 za fosforasi katika kila mililita 100. Kwa hiyo mtoto huyu, akimaliza kila tone, anapata kalsiamu miligramu 49 na fosforasi miligramu 25. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2011 kwa watoto wa chini ya kilo 1.5 wanaokunywa maziwa ya mama ulitaka kalsiamu miligramu 120 hadi 140 kwa kilo kwa siku, na fosforasi 60 hadi 90. Kwa uzito wake, kiwango cha chini kabisa ni 132 na 66. Pengo ni miligramu 83 za kalsiamu na 41 za fosforasi, kila siku, na linapanuka kadiri anavyoongezeka uzito.

Njia nyepesi ya kuliziba ni poda ya kuimarisha maziwa, inayochanganywa kwenye maziwa aliyokamua mama mwenyewe. Miongozo ya shirika hilo ya mwaka 2022 inaruhusu itumike kwa watoto waliozaliwa kabla ya wiki 32 au chini ya kilo 1.5. Huanzishwa mtoto akishahimili mililita 50 hadi 100 kwa kilo. Paketi nyingi ndogo zimepimwa kwa mililita 25 za maziwa, na hapo ndipo makosa hutokea: muuguzi mwenye mililita 12 anagawa paketi kwa jicho, maziwa yanakuwa mazito, tumbo la mtoto linajaa, kisha poda inalaumiwa. Tunahitaji poda, na tunahitaji kijiko au mizani ya kuipimia.

Hapa lawama moja ni yetu, nasi tunaikubali. Tumekuwa tukiongeza maziwa polepole mno na kumwacha mtoto kwenye dripu ya dekstrozi (sukari) siku nyingi. Dekstrozi 10% haina hata chembe ya fosforasi. Miongozo hiyo ya 2022 inaruhusu kuongeza hadi mililita 30 kwa kilo kila siku, nasi tumeshabadilisha ratiba ya wodi ili ifuate hivyo. Gharama yake ilikuwa karatasi moja.

2. Kalsiamu inakuja bila fosfeti.

Hili ndilo linalotuumiza zaidi. Kalsiamu glukoneti 10% ipo bohari kwa sababu chumba cha kujifungulia kinaihitaji: ndiyo dawa ya kuokoa mama aliyezidiwa na magneziamu akitibiwa kifafa cha mimba. Fosfeti, yaani dawa inayompa mtoto fosforasi, haipo. Basi mtoto akionekana ana mifupa laini, anaandikiwa kilichopo, yaani kalsiamu peke yake.

Mfupa haujengwi kwa kalsiamu peke yake, kama ukuta usivyojengwa kwa saruji bila mchanga. Kalsiamu iliyozidi hujifunga na fosforasi kidogo iliyomo kwenye maziwa, zote zikatoka na choo. Ile inayofika kwenye damu hukosa mwenzake wa kuingia naye mfupani, ikamwagwa kwa njia ya mkojo, na kwenye figo ndogo kama hiyo hubaki chembechembe za mawe. Kinyume chake nacho ni kosa: fosfeti peke yake huishusha kalsiamu ya damu, homoni ya tezi ndogo za shingoni ikapanda, na mfupa ukabomolewa upya. Zinatakiwa zote mbili, kwa uwiano wa karibu 2 kwa 1 kwa uzito.

Tunaandika hapa jinsi inavyofanyika, ili isiwepo hoja kwamba ni kazi ya hospitali za mbali.

Ampuli ya mililita 10 ya kalsiamu glukoneti 10% ina gramu 1 ya chumvi hiyo, lakini kalsiamu yenyewe ni miligramu 93 tu, sawa na 9.3 kwa kila mililita. Kosa tunalokutana nalo kila mara liko hapo. Daktari anaandika "kalsiamu miligramu 80", anayetoa dawa anasoma miligramu 80 za glukoneti, anavuta mililita 0.8, na mtoto anapata miligramu 7.4. Chati imejaa tiki, mfupa haujapata kitu. Agizo liandikwe kwa kalsiamu yenyewe na kwa mililita, vyote viwili kwenye mstari mmoja.

Fosfeti ya vidonge vinavyochemka kwenye maji ina miligramu 500 za fosforasi kwa kidonge. Kidonge kimoja kikiyeyushwa kwenye mililita 50 za maji yaliyochemshwa na kupoa, mapovu yakaachwa yaishe kabisa, kila mililita inakuwa na miligramu 10. Kinachobaki kinamwagwa baada ya saa 24.

Kwa mtoto wetu wa gramu 1,100 tunaanza chini: kalsiamu miligramu 20 kwa kilo, ambayo ni mililita 2.4 kwa siku, na fosforasi miligramu 10 kwa kilo, mililita 1.1 kwa siku. Tunapandisha kila baada ya siku chache tukiangalia tumbo, matapishi na choo (fosfeti ikienda kasi huharisha) hadi kufikia mililita 9 za kalsiamu na mililita 4 za fosfeti kwa siku. Kila moja inagawanywa mara 4.

Zisikutane kwenye kikombe au bomba moja. Zikikutana, maziwa yanafanya chenga nyeupe, mpira wa kulishia unaziba, na kilichoganda hakifyonzwi. Kwa watoto wanaokula kila baada ya saa 3, kanuni ni rahisi kukumbuka hata kwenye zamu ya usiku: saa 12 na saa 6 ni kalsiamu, saa 3 na saa 9 ni fosfeti. Mchana na usiku ni vilevile.

Kuna hatari moja ambayo hatutaifumbia macho. Dawa ya ampuli ikivutwa kwenye bomba la kawaida la sindano na kuachwa kando ya kitanda, ipo siku mtu aliyechoka ataichomeka kwenye kanula, mrija ulio ndani ya mshipa. Kalsiamu ikitoka nje ya mshipa inaunguza nyama mpaka kidonda. Fosfeti ya potasiamu ikisukumwa ghafla kwenye mshipa inasimamisha moyo. Tunahitaji mabomba ya kunyweshea, yale yasiyoingia kwenye kanula, na lebo za KWA MDOMO TU. Bila hayo hatuko tayari kuanza.

3. Jua siyo jibu.

Kila tukitaja mifupa laini tunajibiwa kwamba nchi yetu ina jua la kutosha, akina mama waambiwe wawaote watoto jua la asubuhi. Ushauri huo hautibu ugonjwa huu. Matege ya mtoto mkubwa mara nyingi hutokana na upungufu wa vitamini D, na huko jua lina nafasi yake. Njiti amepungukiwa madini yenyewe. Vitamini D ni mpagazi anayepitisha kalsiamu kutoka utumboni. Mzigo usipokuwepo, hana cha kubeba. Tena mtoto wa kilo moja akivuliwa nguo nje anapoteza joto kwa dakika chache, na jua linalopita kwenye kioo cha dirisha la wodi halitengenezi vitamini D, kwa sababu kioo huzuia miale inayohitajika.

Vitamini D anaihitaji, lakini kwa matone: uniti 400 hadi 1,000 kwa siku hadi miezi 6, kwa mwongozo uleule wa 2011. Tunaomba chapa moja tu inunuliwe, siyo mchanganyiko wa zinazopatikana. Ziko chupa zenye uniti 400 katika tone moja na ziko zenye uniti 400 katika mililita nzima. Aliyezoea ya pili akishika ya kwanza, anampa mtoto dozi mara 20 au zaidi, na vitamini D iliyozidi kiasi hicho ni sumu.

4. Maabara inapima kwa kipimo cha watu wazima.

Tunaheshimu kazi ya wenzetu wa maabara, na yapo mambo wanayoyajua kuliko sisi. Lakini haya manne hayahitaji mashine mpya.

Kwanza, kiasi cha damu. Chupa tunazopewa zinataka mililita 4. Mtoto wa gramu 1,100 ana damu ya mililita 90 hadi 100 mwilini mwake wote. Tukimtoa 4 kila wiki tunamtengenezea upungufu wa damu, kisha tunatafuta wa kumwongezea. Vipo vichupa vidogo vya mililita 0.5 vinavyotosha kwa vipimo vyote viwili tunavyohitaji, yaani ALP (kimeng'enya cha damu kinachopanda mfupa ukikosa madini) na fosfeti.

Pili, karatasi ya majibu. Kiwango cha kawaida cha ALP kilichochapwa pembeni ni cha mtu mzima. Kwa hiyo kila mtoto mchanga anawekewa alama ya kuzidi, na alama inayomwangukia kila mtu haisomwi na mtu. Kwa njiti tunaanza kuangalia kwa karibu ALP ikipita uniti 500 kwa lita. Ikifika 800 hadi 1,000 anapigwa eksirei na tiba inaongezwa. Fosfeti ikiwa chini ya 1.8 mmol/L huku ALP imepita 900, huyo achukuliwe kuwa mgonjwa mpaka ithibitike vingine. Na ikikaa chini ya 1.3 kwa wiki mfululizo, ALP isisubiriwe. (Mtoto aliyepungukiwa zinki anaweza asipandishe ALP kabisa, ndiyo maana hatutaki kipimo kimoja bila kingine.)

Tatu, kizio. Majibu yanakuja mara kwa mmol/L, mara kwa mg/dL, kulingana na mashine iliyo nzima siku hiyo. 4 ya mg/dL ni 1.3 ya mmol/L. Tofauti hiyo ni ya mtoto mgonjwa na mtoto mzima.

Nne, damu iliyokamuliwa. Kisigino kikiminywa, chembe nyekundu hupasuka na kumwaga fosfeti yake kwenye sampuli, jibu likapanda kwa uongo. Hilo ni la kwetu kurekebisha: kisigino kipashwe joto kwanza, tone lije lenyewe. Tunachoomba maabara ni kukataa sampuli yenye wekundu wa aina hiyo na kutupigia simu, badala ya kuitolea jibu.

5. Dawa zinazonyonya mifupa zinaendelezwa kwa mazoea.

Furosemaidi humwaga kalsiamu kwenye mkojo. Deksamethasoni huzuia mfupa kujengwa. Aminofilini, ambayo bado tunaitumia kwa watoto wanaosahau kupumua, nayo huongeza kalsiamu ya mkojo. Yapo mazingira zinahitajika, na hatutaki zifutwe. Tunataka kila agizo liwe na tarehe ya mwisho, ili dawa ikome ilipopangwa, isiendelee kwa sababu tu hakuna aliyeikata kwenye chati.

Halafu mikono. Mtoto aliyekwisha kulainika mifupa hainuliwi kwa vifundo vya miguu, kama kuku anavyobebwa kutoka sokoni, wakati wa kubadilisha nepi. Kiganja kimoja kinapita chini ya makalio, mwili unageuzwa kidogo ubavu, nepi inapita. Mguu ukishikwa kutafutwa mshipa, ushikwe karibu na eneo la kuchoma, usikunjwe wala kusokotwa. Kifua kisigongwegongwe. Mazoezi ya kukunja na kunyoosha viungo taratibu, mara 5 kwa kila kiungo kwa dakika 5 hadi 10 kwa siku, yameonyesha kusaidia kidogo uzito na madini ya mfupa kwa muda mfupi. Tunayafikiria kwa mtoto aliyetengemaa tu, kwa mikono iliyofundishwa, wala si kwa aliyevunjika au anayeshukiwa kuvunjika.

Bango la maelekezo haya juu ya kitanda halizidi ukurasa mmoja. Tunalitaka pia kwa ajili ya mama. Mtoto akikutwa na mfupa uliovunjika, wa kwanza kuulizwa ni yeye: ulimwangusha wapi? Mwanamke aliyemlaza mwanawe kifuani wiki 7 bila kugeuka hapaswi kuulizwa hivyo na hospitali ambayo haikupima fosfeti hata mara moja.

6. Mtoto anaruhusiwa ugonjwa ukiwa njiani.

Njiti wengi wanarudi nyumbani wiki chache kabla ya ALP yao kufika kileleni. Wanaondoka na sharubati ya vitamini na tarehe ya kliniki. Kwenye kadi hakuna ALP, hakuna fosfeti, hakuna dozi, na muuguzi wa kliniki ya mtaani hana namna ya kujua kuwa huyu si mtoto kama wengine. Mstari mmoja ulioandikwa kwa mkono ungetosha.

Tunajua majibu yatakayokuja, tumeshayasikia.

Mtasema bajeti. Rudini kwenye kidonge cha fosfeti. Kina miligramu 500, na mtoto wetu wa mfano, akiwa kwenye dozi kamili, anahitaji 41 kwa siku. Kidonge kimoja kikitengenezwa asubuhi kinahudumia watoto 12 mpaka kesho yake. Kalsiamu ni ampuli moja kwa mtoto kwa siku, na hiyo tayari mnainunua. Poda ya kuimarisha maziwa kweli ni ghali, hatubishi. Ndiyo maana tunaanza na fosfeti.

Mtasema haipo kwenye orodha ya dawa za hospitali. Kamati ya Dawa na Tiba ndiyo inayopendekeza kiongezwe nini, na baadhi yenu mnakaa humo.

Mtasema hatujawahi kuwa na wagonjwa wengi wa aina hiyo. Wodi isiyopima haitakuwa nao. Pitieni eksirei za kifua zilizopigwa kwa ajili ya nimonia, angalieni mbavu badala ya mapafu.

Mtasema wengi hupona wenyewe wakikua. Ni kweli kwamba wengi huijaza mifupa yao ndani ya miaka miwili ya mwanzo, na tunawaambia wazazi hivyo ili wasikate tamaa. Lakini mbavu zinahitajika sasa, katika wiki anazopigania pumzi, na wiki za ziada kwenye oksijeni zina gharama kubwa kuliko vidonge vyote tulivyoviorodhesha.

Na wapo watakaohofia kwamba poda ni mlango wa nyuma wa maziwa ya kopo. Hofu hiyo ni ya haki, nasi tunaishiriki. Itunzwe bohari ya dawa, itolewe kwa agizo la daktari na kwa jina la mtoto, isipelekwe wodini kwa makasha, wala mwakilishi wa kampuni asiingie kuzungumza na akina mama.

Tunachoomba:

(a) Ndani ya siku 14: vidonge vya fosfeti kwa watoto wote wa chini ya gramu 1,500 au chini ya wiki 32 waliomo wodini, mabomba ya kunyweshea, na lebo. Mhusika: Mfamasia Mkuu.

(b) Ndani ya siku 14: vichupa vya mililita 0.5, kiwango cha ALP cha watoto wachanga kwenye karatasi ya majibu, na kizio kimoja cha fosfeti. Mhusika: Meneja wa Maabara.

(c) Ndani ya siku 30: kipimo cha ALP na fosfeti kwa kila mtoto wa kundi hilo kuanzia wiki ya 4 ya maisha, kisha kila baada ya wiki 2, na kila wiki kwa aliye kwenye tiba. Vitendanishi viagizwe kwa hesabu hiyo.

(d) Ndani ya siku 30: chapa moja ya matone ya vitamini D.

(e) Katika robo mwaka ijayo: poda ya kuimarisha maziwa, kwa kuanzia watoto wa chini ya gramu 1,200, kwa masharti tuliyoyataja.

(f) Fomu ya kuruhusiwa iongezwe mistari minne: ALP ya mwisho, fosfeti ya mwisho, dozi anazoendelea nazo, na tarehe ya kupimwa tena.

Kwa upande wetu, ratiba ya saa 12, 6, 3 na 9 imeshachapwa na kubandikwa chumba cha kuandalia maziwa. Mafunzo ya kushika mtoto yatafanyika kila zamu inapobadilishana, kwa dakika 10, bila posho. Orodha ya watoto wanaostahili tiba itakuwa mezani kwa Mfamasia Mkuu kila Jumatatu saa 2 asubuhi, na uzito wa kila mmoja pembeni.

Tunaomba jibu la maandishi ndani ya siku 14 kuanzia leo, likitaja kwa kila kipengele nani atakitekeleza na lini. Kipengele kitakachokataliwa, tunaomba sababu yake iandikwe, ili tuweze kumwonyesha mama atakayetuuliza.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Wauguzi, madaktari na wataalamu wa lishe,
Wodi ya Watoto Wachanga.

Nakala: Wakuu wa idara zote, wawakilishi wa wazazi wa wodi ya kangaroo, ubao wa matangazo.